Kilo Ishirini za Hasna

Hasna binti Msabaha alikuwa mpangaji wa mizigo, na watu wa kazi hiyo hawana sababu ya kuogopa mizani. Kwa miaka tisa, katika ofisi ya ghorofa ya tisa ya jengo la Tianxiu, huko China, alikuwa amepima majora ya vitambaa kutoka soko la Zhongda, marobota ya nguo kutoka soko la Shisanhang, vigae, majokofu na vipuri, na kuvipanga vyote ndani ya makontena ya kwenda Dar es Salaam, Unguja na Mombasa. Kwa hiyo, Jumapili ile ya mwezi wa Septemba, sedani yake nyeupe ilipopandishwa juu ya mizani ya waamuzi baada ya mbio, alisimama kando yake akiwa na helmeti kwapani, akitabasamu, na asiwaze lolote ila kuoga.

Bwana Luo, mkaguzi mkuu, mtu mwembamba asiyejua kupaza sauti, aliisoma namba. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaisoma tena.

“Gari hili lina upungufu wa kilo ishirini,” akasema.

Tabasamu la Hasna likabaki usoni mwake kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe.

Katika mashindano yale ya taifa ya sedani za michezo, mshindi hubebeshwa. Dereva akishinda raundi moja, gari lake hutiwa kilo ishirini za mabamba ya risasi, yale madini mazito ya kijivu. Akishinda tena, huongezewa ishirini nyingine, ili walio nyuma yake wapate kumsogelea. Msimu ulikuwa na raundi tano. Hasna alikuwa ameshinda ya kwanza na ya tatu, hivyo katika raundi hii ya nne alipaswa kubeba arubaini. Akashinda tena, na sasa mizani ilikuwa ikisema mbele ya watu kwamba alishinda akiwa amebeba nusu.

Matokeo yake yalifutwa pale pale. Asubuhi aliamka akiongoza msimu. Kabla ya alasiri alikuwa nyuma ya Fang Weiming kwa pointi tisa.

Bwana Luo alimwita kwenye hema la waamuzi, akaweka karatasi mbele yake.

“Sheria ina njia mbili,” alieleza. “Ukitia saini hapa kwamba fundi wako alipunguza uzito kwa makusudi, nawe hukujua, yeye atafungiwa maisha, nawe utakimbia raundi ya mwisho. Usipotia saini, nyote wawili mtafika mbele ya kamati siku ya Jumatano. Kamati ikiona kwamba ni udanganyifu, mtafungiwa pamoja.”

Fundi huyo alikuwa Gharib, kaka wa marehemu mama yake, ambaye alimfundisha kushika usukani akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya gereji yake kule Mwanakwerekwe, Unguja. Ni yeye aliyeitoa sedani hii katika lundo la magari yaliyogongwa, akaiunda upya kwa miaka mitatu nyuma ya ghala lao la mizigo.

Fang naye alikuwa amekwisha kuingia hemani. Alikuwa dereva na mwenye timu, mfanyabiashara wa taa za magari, mtu wa manukato mengi na maneno matamu. Akachomoa kalamu mfukoni.

“Tia saini, dada mdogo. Mafundi wamejaa jiji zima. Chukua kalamu yangu.”

“Kalamu ninayo, laoban,” Hasna akajibu, kwa neno ambalo sokoni huitwa kila tajiri na kila anayejidai tajiri. “Nisichokuwa nacho ni mjomba wa pili.”

Akaichukua karatasi bila kuitia saini, akatoka.

Gari liliporudishwa kwenye kibanda cha timu, jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kufungua nati na kulinyanyua bamba moja kutoka sakafuni. Hakuhitaji mizani. Mikono iliyonyanyua marobota kwa miaka tisa ilimwambia palepale: kilo mbili na nusu. Yalikuwa mabamba manane.

“Mjomba,” akaita. “Mabamba haya uliyapimia wapi?”

Gharib alikuwa ameketi juu ya tairi, kofia yake ya kiua mkononi, uso umemwiva kwa fedheha. Kando yake alisimama Odhiambo, mfanyabiashara wa Nairobi aliyekuwa akisimamia matairi ya timu kila mwisho wa juma.

“Nilipimia chini, kwa Mama Chen,” Gharib akasema. “Ijumaa ile mizani yetu ilikuwa imezikwa na majora ya mteja wetu Mwatima, teksi inanipigia honi, na sala ya Ijumaa inanipita. Nikaazima ya Mama Chen.”

“Mama Chen muuza mboga?”

“Ndiye huyo. Bamba moja tano, manane arubaini. Nilipima moja moja, wala sikuruka hata moja.”

“Tano za nini, Mjomba?”

Gharib akalipokea bamba lile, akalipima kwa kiganja. Kila asubuhi, kwa miaka kumi na mitano, alinunua nyanya na vitunguu kwa Mama Chen kwa kipimo cha sokoni, yaani jin, ambacho ni nusu ya kilo. Na kila mchana alipima mizigo ya watu kwa kilo. Vipimo vyote viwili alivijua kama jina lake. Siku ile moja, kwa haraka ile moja, alikuwa amevichanganya.

“Lakini uliyabeba,” Hasna akasema. “Uliubeba mfuko kwa bega lako hadi juu barabarani, kwenye teksi. Hukuhisi?”

“Nilihisi.” Mzee aliinamisha kichwa. “Nilipanda ngazi zote bila kupumzika. Nikajiambia: Gharib, miaka sitini na mmoja, na kilo arubaini bado ni pamba kwako. Nikamsimulia na huyu.”

“Alinisimulia mara tatu,” Odhiambo akathibitisha. “Hata alinikunjia mkono nione misuli. Nikamwambia, mzee, wewe ni noma.”

Hasna hakucheka, ingawa midomo yake ilitaka.

“Nipe karatasi hiyo,” Gharib akasema. “Nitaandika mimi mwenyewe kwamba nilifanya kwa makusudi. Mimi nimekwisha kula chumvi yangu. Wewe una msimu wako.”

“Ulifanya kwa makusudi?”

“Sikufanya.”

“Basi huandiki.”

“Hasna, usiwe mkaidi.”

“Ukaidi nilifundishwa na nani?”

Akaikunja ile karatasi mara nne, akainama, akaisukuma chini ya meza ya zana, penye mguu uliokuwa mfupi. Meza ikaacha kuyumba.

Habari ilifika mtaani kwao, Xiaobei, kabla yao. Mtu mmoja alikuwa ameirekodi ile namba ya mizani kwa simu yake, na hadi Jumatatu mchana ilikuwa imepita katika makundi yote ya wafanyabiashara. Ndani ya lifti ya Tianxiu watu walinyamaza alipoingia. Kissa, mteja wake wa siku nyingi kutoka Mbeya, alikuja na marobota yake sita, akasimama mbele ya mizani ya ofisi, mikono kiunoni.

“Dada Hasna, leo tunapima kwa kilo, au kwa zile za magari?”

Waliokuwa kwenye foleni waliangua kicheko, na Kissa mwenyewe alicheka, kwa kuwa hakuwa mtu wa shari. Lakini robota la kwanza liliposhuka juu ya mizani, Hasna alimwona akiinama, akipangusa vumbi kwenye kioo kwa kidole, akiisoma namba polepole, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka saba. Hapo ndipo lilipomchoma. Kombe lilikuwa jambo la msimu mmoja. Neno hili lingekaa naye ofisini kila siku, nalo lingemfuata Gharib hadi Unguja.

Siku ya Jumatano hawakwenda kwenye kamati wawili, walikwenda watatu. Mama Chen alifunga genge lake la mboga, akavaa koti jipya, akaipakata mizani yake ndani ya taulo kama mtoto mchanga. Kamati ilikuwa ya watu watano, katika ofisi yenye mazulia na mashine ya chai. Fang alikaa nyuma, kwenye viti vya wasikilizaji.

Hasna aliomba ruhusa, akaiweka mizani mezani. Akatoa mkobani pakiti ya sukari ya kilo moja, ambayo haijafunguliwa, akaiweka juu yake. Kioo kikaonyesha mbili.

“Hii ndiyo iliyotumika,” akasema kwa Kichina kilichonyooka. “Gari lilipungukiwa, na sikatai. Kufutwa kwa matokeo ni haki yenu. Lakini hatukudanganya, na sitatia saini popote panaposema kwamba tulidanganya.”

Mwenyekiti, mwanamke wa makamo, aliitazama pakiti ile. “Mtu anayebeba mizigo kila siku anawezaje kutotambua tofauti ya ishirini na arubaini?”

Hasna alimgeukia mjomba wake. Gharib alisimama, akarekebisha kofia, na mbele ya wageni watano wenye kalamu akasimulia yote: teksi, sala, ngazi, pamba na misuli. Kichina chake kilikuwa cha sokoni, na alipokosa neno la kujigamba, aliukunja mkono wake na kuupiga kwa kiganja. Mjumbe mmoja akazika uso ndani ya kikombe cha chai. Mwenyekiti aliuma mdomo, lakini mabega yakamsaliti.

“Naomba kusema,” Mama Chen akadakia bila kuruhusiwa. “Mizani yangu haina kosa! Miaka kumi na mitano pale kichochoroni, hakuna aliyewahi kunirudishia hata kitunguu. Kosa ni la mzee huyu, aliyenyakua na kukimbia bila kuuliza. Mwandikieni kosa la kiburi, kisha mnirudishie mizani yangu, nina mchicha unanyauka.”

Kamati haikuchukua muda. Lilikuwa kosa, haukuwa udanganyifu. Matokeo yangebaki yamefutwa. Hakuna ambaye angefungiwa.

Fang aliwangoja kwenye ujia, Bwana Luo akiwa hatua mbili nyuma yake.

“Mmeichekesha kamati, mmepona,” Fang akasema. “Lakini nchi nzima imeona, dada mdogo: ukiwa mwepesi, unashinda. Haya, mwezi ujao ubebe arubaini za kweli. Utaziona taa zangu za nyuma tu. Zitazame vizuri, ndizo ninazouza.”

Gharib akamshika Hasna mkono amvute waende zao. Hasna hakuvutika.

“Bwana Luo,” akasema, sauti yake ikiwa tulivu hata mwenyewe akaishangaa. “Sheria inakataza gari kuzidi uzito?”

“Inakataza kupungua tu.”

“Basi andika. Raundi ya mwisho nitabeba sitini. Arubaini zenu, na zile ishirini ambazo sikuzibeba.”

“Hakuna aliyekuagiza hivyo,” Bwana Luo akasema.

“Najua. Andika.”

Ndani ya treni ya chini ya ardhi, Odhiambo, aliyepashwa habari kwa simu, alikuwa akipiga kelele kwenye simu ya Gharib hata abiria wa kando walimsikia. “Hebu mwambie huyo msichana wa pwani apige hesabu! Fang anaongoza kwa tisa. Ukishinda, yeye akawa wa tatu, kombe ni letu! Kilo ishirini ni theluthi ya sekunde kila mzunguko. Mizunguko kumi na minane, Hasna! Unamtupia nani sekunde sita?”

“Simtupii mtu.”

“Kwa hiyo unataka nini, kombe au kununa?”

“Nataka siku nitakaposhuka garini, asiwepo mtu wa kuniuliza nilibeba nini.”

Odhiambo akasema kwa sauti ya mtu aliyesalimu amri, “Sawa. Lakini matairi utayabembeleza kama mayai.”

Walijitayarisha kwa majuma manne. Mabamba mapya yalipimwa kwenye mizani tatu mbalimbali, na Hasna aliyapanga mwenyewe, kama alivyopanga makontena: chini kabisa, katikati, na mengi yake upande wa abiria, ili yauwiane na mwili wake upande wa usukani. Gharib alisisitiza kuubeba mfuko yeye. Safari hii alipumzika mara mbili ngazini, na kila alipopumzika alimtazama Odhiambo kwa jicho la kumkataza asiseme neno.

Raundi ya mwisho iliangukia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwenye uwanja ulioko nje ya jiji, upande wa Zhaoqing. Joto lilikuwa bado halijaondoka. Mbele alipangwa Alvin, dereva wa Macau ambaye hakuwa na tamaa ya kombe tena baada ya kuharibikiwa raundi mbili. Wa pili alikuwa Fang. Wa tatu, Hasna.

Taa zilipozimika, Fang aliondoka kama aliyechomwa sindano. Hasna aliuhisi uzito ule papo hapo: gari lilikuwa likifikiri kwanza, ndipo likatii. Kwenye kona ya kwanza akapitwa, akawa wa nne. Hakupapatika. Aliliendesha kama lori lenye shehena: akishika breki mapema, akiingia kwenye kona taratibu, akikanyaga mafuta pale tu magurudumu yaliponyooka. Mzunguko wa tano alimrudia aliyempita. Wa nane, taa nyekundu za Fang zilikuwa mbali kama za mtaa wa pili. Wa kumi na moja, zilikuwa za jirani.

“Matairi yake ya mbele yamekwisha!” Odhiambo alipiga kelele redioni. “Anaserereka! Wewe yako ni mazima, mama, mazima!”

Kwa mizunguko minne Fang alimfungia njia, kulia na kushoto, na Hasna alizitazama taa zake za nyuma vizuri, kama alivyoagizwa. Ya kushoto ilikuwa imepasuka. Katika mzunguko wa kumi na sita, mwisho wa ile barabara ndefu iliyonyooka, Fang alichelewa kushika breki, gari likamkatalia, likateleza kwenda nje kwa upana wa mlango mmoja. Hasna alikuwa amekwisha kupunguza mwendo mapema, kwa tabia ile ile ya shehena. Aliingiza pua ya gari ndani ya pengo lile, wakaenda sambamba, bati kwa bati, na kona ilipokwisha, Fang alikuwa kwenye kioo chake cha nyuma.

“Wa tatu! Fang ni wa tatu!” Odhiambo alilia. “Mkamate Alvin tu! Mkamate, kombe hilo!”

Zilibaki sekunde tatu na mizunguko miwili. Hasna alitoa kila alichonacho. Zikawa mbili, zikawa moja na nusu. Kwenye kona ya mwisho aliweza kuisoma namba ya gari la Alvin. Wakatoka kwenye kona. Alvin aliondoka kwa wepesi, na gari la Hasna likafikiri kwanza, ndipo likatii. Bendera ya miraba ikapeperushwa. Nane ya kumi ya sekunde iliwatenganisha.

Kombe la msimu likaenda kwa Fang, kwa pointi sita.

Odhiambo aliketi chini juu ya lami, mikono kichwani. Gharib alitembea kando ya sedani mpaka kwenye mizani, kiganja chake juu ya paa lililokuwa bado la moto. Watu walikuwa wamejaa hapo kuliko hata jukwaani. Hasna alivua helmeti, akasimama mahali pale pale aliposimama Septemba.

Bwana Luo aliisoma namba. Safari hii hakuvua miwani.

“Kilo ishirini zaidi,” akasema, na kwa mara ya kwanza katika msimu ule alipaza sauti.

Fang alikuwa hapo, shada la maua shingoni, kombe mkononi. “Ungeziacha nyumbani, lingekuwa lako,” akamwambia, na wala haikuwa kejeli. Alikuwa mtu anayetaka kuelewa.

“Ningeziacha nyumbani, ungesema maneno mapya,” Hasna akajibu. “Lishike vizuri, laoban. Linaonekana jepesi.”

Akaomba nakala ya karatasi ya vipimo yenye mhuri, akapewa.

Jioni ile walipopita kichochoroni, Mama Chen aliinua kichwa kutoka kwenye mafungu ya mchicha. “Ulibeba ngapi?”

“Kwa mizani yako, mia na ishirini,” Hasna akajibu.

“Aiya!” akasema Mama Chen, akamtupia Gharib kitunguu, naye akakidaka. “Kabebe hicho, hodari.”

Siku ya Jumatatu karatasi ya Bwana Luo ilikuwa imebandikwa ukutani, juu ya mizani ya ofisi. Kissa alikuja na marobota yake. Aliisoma karatasi kutoka juu hadi chini, mhuri na yote. Kisha akalipandisha robota la kwanza juu ya mizani, akaipa mgongo, akaanza kutafuta kitu mkobani mwake.

“Tazama namba, Kissa,” Hasna akasema.

“Ya nini, dada? Wewe andika tu.”

“Tazama,” Hasna akarudia, na kalamu yake haikugusa karatasi mpaka Kissa alipogeuka, akainama, akasoma kwa sauti.